Mstari wa Pili

Kamati ya shule haina mshahara, jamani.
Ina chai ya rangi na ufunguo wa stoo,
na bado viganja vilinitoka jasho
nilipoandika jina langu kwa chaki ya bluu:
Mwanakombo Semhina, mzazi wa Rukia, la tano B.
Mkono wa miaka kumi na tisa ubaoni
ukaandika kama wa mtoto wa chekechea,
herufi zikapanda kilima kuelekea dirishani.

Mimi nafundisha Duga. Mwanangu anasoma hapa, Makorora.
Sikuja kutafuta cheo, nilikuja kwa hesabu hii:
wasichana mia nne na kumi na wawili,
matundu manne, moja limezibwa bati tangu Ramadhani.
Rukia aligawanya huku anakula,
akapata mia moja thelathini na saba na theluthi.
"Mama, hiyo theluthi ya mtu ni nani?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika chupa yake ya maji,
inayorudi nyumbani kila siku
imejaa.

Mpinzani wangu si mtu mbaya,
na hilo ndilo lililonitia homa.
Shekiondo ana duka la vifaa, alitoa saruji mifuko sita
paa la ofisi lilipong'oka, hakudai risiti.
Akasimama, akakohoa kidogo, akasema kwa upole,
"Mwalimu wetu ni mtu wa Korogwe. Waja leo..."
watu wakacheka, wakaimalizia wenyewe.
Nami nikacheka. Kumi na tisa, na bado sijaondoka.

Karatasi za kura hazikuwapo.
Tuliambiwa: anayemtaka Shekiondo, mstari wa kwanza,
anayemtaka mwalimu, wa pili.
Mume na mke wakaachana pale mlangoni
bila hata talaka.

Ndipo Kaniki akanyoosha mkono,
Kaniki wa gereji ya baiskeli, grisi mpaka viwikoni.
"Swali dogo, mwalimu. Fimbo umeiacha?"

Ukumbi ukanyamaza. Nilimsikia kuku nje akiparua.
Nilikuwa na jibu tayari mdomoni,
lenye waraka, lenye kifungu, lenye "kwa mujibu wa".
Nikalimeza.
Nilimwona mwenye miaka tisa, dawati la nyuma,
kalamu mkono wa kushoto,
nami nikiuchapa ule mkono mpaka ukaiachia.
Leo hii anakaza nati kwa kulia.

"Nimeiacha," nikasema. "Mwaka juzi.
Wewe nilikuchapa kabla ya hapo.
Nilikosea, Kaniki, na siku ileile nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu,
kama mtu anayesikiliza mnyororo kama umekaa sawa.
"Nilishakusamehe zamani, mwalimu."
Kisha akavuka ukumbi
akasimama mstari wa kwanza.

Arobaini na mbili. Arobaini na moja.
Rukia, kidevu juu ya kizingiti cha dirisha,
alihesabu mara tatu akitafuta kosa.
Halikuwapo.

Nje nikamkuta amechuchumaa, anajaza upepo
tairi langu la nyuma. Hakuna aliyemtuma.
"Kusamehe ni kwangu mimi," akasema bila kuinua uso.
"Kura ilikuwa ya binti yangu."
Sikuwa na la kusema. Pampu ikapiga, ikapiga.
Halafu akafuta mikono kwenye suruali,
akatoa daftari lililokunjwa katikati:
"Sehemu zinamsumbua. Kesho alasiri utakuwepo?"

Nikalifungua palepale juani.
Wino umepakazika kila mstari, kuelekea kulia,
alama ya kiganja kinachofuata kalamu nyuma.
Anatumia kushoto.
"Mlete," nikasema.

Matundu bado ni matatu.
Nimemwambia Shekiondo, mheshimiwa mjumbe,
Jumatatu saa moja nitakuwa pale na futi kamba,
aje na saruji au aje na maneno,
mimi nitapima.